Acha kuuza wingi wa vipande: vitofali vya watoto viuzwe kwa uimara



Leo nataka tuongelee bidhaa ambayo wengi wetu tunaouza vitu vya watoto mtandaoni tunaichukulia poa: vile vitofali vya kupanga. Wengine mnaviita bloku, wengine matofali ya kuchezea. Ukipita Kariakoo vipo kila kona, kwenye mifuko ya nailoni yenye zipu na picha ya mtoto wa kizungu anacheka. Na sisi tukishavibeba, posti zetu zote zinafanana: "VIPANDE 100 KWA BEI YA KUTUPA, WAHI MZIGO UNAISHA."

Mimi mwenyewe niliandika hivyo hivyo. Ngoja niwasimulie kilichonikuta, halafu niseme ninachotaka kusema.

Nilichukua seti 40 kwa muuzaji wa jumla, kila moja sh 9,000. Nikauza sh 18,000. Hesabu ilikuwa tamu, faida nusu kwa nusu. Kwenye mfuko kulikuwa na maandishi ya Kichina nisiyoyajua, na pembeni kiduara chekundu chenye sura ya mtoto na namba 0-3. Nikasema kumbe, hivi ni vya miaka sifuri mpaka mitatu. Nikaandika kwenye posti: "Umri: miaka 0-3." Seti 31 zikatoka ndani ya wiki tatu.

Siku moja usiku mteja akanitumia picha WhatsApp. Kiganja chake, na juu yake kipande cha plastiki nyekundu kidogo kama kucha ya dole gumba, kimevunjika, kina ncha. Akaandika: "Dada, hiki nimekitoa mdomoni kwa mwanangu sasa hivi. Ana miezi kumi. Wewe uliniandikia ni vya miaka sifuri mpaka mitatu." Nikaanza kuandika pole ndefu. Kabla sijamaliza akatuma nyingine: "Kwako kuna mtoto mdogo? Angechezea hivi?"

Kwangu kulikuwa na mtoto wa mwaka na nusu. Na hakuwa anachezea hivyo, kwa sababu nilikuwa nimeona vinavunjika. Hapo ndipo nilipoishiwa maneno.

Mtoto alikuwa salama, Mungu mkubwa. Lakini kesho yake nikakaa na ule mfuko, nikaanza kutafuta maana ya kile kiduara. Sikilizeni vizuri, maana najua siko peke yangu: kile kiduara kina MSTARI unaokatiza juu ya sura ya mtoto. Maana yake ni kinyume kabisa cha nilichoandika. Kinasema bidhaa hii HAIFAI kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu, mara nyingi kwa sababu ina vipande vidogo vya kumkaba. Nilikuwa nimelichukua onyo nikaligeuza tangazo.

Nikawaandikia wote 31. Nikawaambia wavitupe, wanitumie picha, nirudishe hela. Waliotaka hela walikuwa 22. Piga hesabu: mauzo 558,000, nikarudisha 396,000, nikabaki na 162,000. Mzigo ulinigharimu 360,000. Hasara laki moja na elfu tisini na nane, bado sijahesabu bando, na seti tisa zilizobaki niliziharibu mwenyewe nikatupa.

Sasa msimamo wangu ni huu, na najua kuna watakaobisha: sisi tunaouza vya watoto wadogo tuache kuuza wingi wa vipande. Tuuze uimara. Vipande ishirini visivyovunjika ni bidhaa bora kuliko vipande mia, kwa mtoto, kwa mzazi, na kwa mfuko wako wewe muuzaji.

KWA NINI UIMARA NDIO USALAMA WENYEWE

Watu wengi wakisikia "imara" wanafikiria kudumu tu, kwamba mzazi asinunue tena mwakani. Kwa mtoto mdogo ni zaidi ya hapo. Kitofali kizima ni kikubwa, hakiingii kooni. Kikivunjika ndipo hatari inapozaliwa.

Wenzetu wa Marekani na Ulaya wana kikopo maalumu cha kupimia. Upana wake ni milimita 31.7, na chini kimekatwa mshazari. Kitu chochote kinachozama chote humo ndani hakitakiwi kwenye mdoli wa mtoto wa chini ya miaka mitatu. Na hawapimi kikiwa kipya tu. Wanakitesa kwanza, halafu ndipo wanapima kilichobanduka. Kwa midoli ya watoto wa mpaka miezi 18, Marekani wanauangusha mara 10 kutoka urefu wa kama mita 1.4 kwenye sakafu ngumu. Yaani kifuani kwa mtu mzima, mara kumi, na bado usitoe kipande cha kukabia.

Ile seti yangu ya sh 18,000 ilikuwa haifiki hata mara tatu. Nilijaribu.

MTOTO ANAFANYA NINI NA VITOFALI

Ukijua hili utauza vizuri zaidi. Mtoto wa miezi sita mpaka kumi na mbili hapangi kitu. Anashika, anagonganisha, anatupa, na kila kitu kinaishia mdomoni. Karibu na miezi 15 wengi wanaanza kuweka kimoja juu ya kingine. Akifika miaka miwili anaweza kujenga kamnara ka vitofali kama sita, halafu furaha yake kubwa ni kukaangusha.

Kwa hiyo hebu niambie, mtoto wa mwaka mmoja anapeleka wapi vipande mia? Vinaishia chini ya kochi na mama anavikanyaga usiku. Anachohitaji ni vichache vinavyojaa kwenye kiganja chake, vyenye upana wa kama sentimita 4 au zaidi, vinavyosimama bila kuyumba, na vinavyovumilia mate, meno na sakafu ya saruji.

Kampuni ya LEGO ya Denmark, iliyoanzishwa na seremala Ole Kirk Kristiansen mwaka 1932, ilianza na midoli ya mbao kabla ya plastiki. Walipotaka kuwafikia watoto wadogo hawakuongeza idadi ya vipande, waliongeza ukubwa: DUPLO ya mwaka 1969 ni mara mbili ya tofali lao la kawaida kwa urefu, upana na kimo. Na tofali lao la mwaka 1958 bado linashikana na la leo. Baba anamwachia mtoto, mtoto anamwachia mwanawe. Sisemi ukauze LEGO, bei yake tunaijua. Na usiuze feki yenye jina lao pia. Nasema tazama ni kitu gani kimewaweka sokoni miaka yote hiyo.

PIMA MWENYEWE KABLA HUJAPOSTI

Huna maabara, hata mimi sina. Lakini sampuli moja na nusu saa vinatosha kukuonyesha mengi. Nikienda kwa muuzaji wa jumla sasa hivi nanunua seti moja tu, narudi nayo nyumbani, naitesa. Ikipona naenda kuchukua mzigo.

1. Kuangusha. Simama kwenye sakafu ya saruji au vigae. Shika kitofali usawa wa kifua, kiachie mara kumi. Chukua vitano tofauti, usijaribu kimoja ukaridhika. Kikipasuka kimoja, achana na mzigo wote.

2. Kukanyaga. Vaa kiatu, simama juu yake kwa kisigino. Watoto wanavikanyaga na watu wazima wanavikanyaga. Plastiki nzuri inabonyea kidogo inarudi. Mbaya inalia "ka" na kupasuka vipande vyenye ncha.

3. Kukunja. Bonyeza ukuta wa kitofali cha plastiki kwa vidole gumba. Ukiona mstari mweupe unatokea kirahisi, hiyo plastiki imeshaanza kuchoka kabla hata haijauzwa.

4. Kunusa. Kiweke kwenye mfuko uliofungwa, acha usiku mzima, asubuhi fungua unuse. Harufu kali ya rangi au ya mpira uliochomwa, rudisha.

5. Kitambaa cheupe. Lowanisha kitambaa cheupe, sugua kitofali kwa nguvu dakika moja. Rangi ikihamia kwenye kitambaa, kesho itahamia mdomoni kwa mtoto. Halafu kwaruza kwa sarafu. Rangi ikibanduka kama maganda, hapana.

6. Pamba. Hii ni ya mbao. Pitisha kipande cha pamba pande zote na kwenye kona. Nyuzi zikinasa, kuna vibanzi. Vitamchoma mtoto.

7. Kiini cha toileti pepa. Lile boksi la duara la katikati. Kitofali kizima, au kitu chochote kilichobandikwa juu yake, kikipita humo ni kidogo mno kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu. Kiini hiki ni kipana kuliko kile kikopo cha wenzetu, kwa hiyo kinakupa nafasi ya ziada.

8. Kupanga. Panga kumi kwenda juu mezani. Mnara ukiegemea kabla hujafika juu, vipimo havilingani. Vile vya kubana, hakikisha mtoto ataweza kuvitoa. Vikibana sana atalia, vikilegea sana atachoka navyo siku ya pili.

Ongezea macho yako. Kataa vitofali vyenye stika za kubandika, zinabanduka na kuliwa. Kataa vyenye shanga au kengele ndani kama vimeunganishwa kwa gundi tu. Na vya sumaku usimpe kabisa mzazi wa mtoto mdogo. Mtoto akimeza sumaku mbili zinavutana tumboni, utumbo unabanwa katikati, na hiyo ni kazi ya upasuaji.

Niwe mkweli kwenye jambo moja: kipimo cha kitambaa hakikuambii kama rangi ina risasi. Risasi kwenye rangi huioni wala huinusi, na inaharibu ubongo wa mtoto taratibu. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Na si wa Kariakoo tu wanaokosea. Agosti 2007 kampuni ya Mattel ya Marekani iliondoa sokoni karibu midoli milioni moja ya Fisher-Price kwa sababu rangi yake ilikuwa na risasi. Kama wakubwa vile iliwapita, wewe na mimi je? Ndiyo maana kwa watoto wa kutia kila kitu mdomoni ushauri wangu ni mfupi: mbao isiyopakwa rangi, au plastiki ambayo rangi yake iko ndani ya plastiki yenyewe, si ya kupakwa juu.

Na alama? Alama ya CE ya Ulaya ni tamko la mtengenezaji kwamba amefuata masharti. Si zawadi ya serikali. Tena kuichapa kwenye mfuko hakuhitaji zaidi ya printa. Ukiiona, muombe muuzaji karatasi za vipimo. Viwango vinavyotajwa sana ni EN 71, ISO 8124 na ASTM F963. Asiye nazo atakuzungusha, na jibu utakuwa umeshalipata. Kwa mzigo wako mwenyewe kutoka nje, ulizia TBS mapema, au KEBS kama uko Kenya, kabla hujatuma hela. Usisubiri mzigo ufike bandarini ndipo uanze kuuliza.

AINA ZILIZOPO NA MAONI YANGU

Mbao. Ndiyo chaguo langu la kwanza. Haipasuki ovyo, ikianguka inapata alama tu. Adui yake ni maji. Mwambie mteja asiiloweke kwenye beseni, afute kwa kitambaa chenye unyevu na aianike kivulini. Mbao laini kama paini inabonyea na kutoa nyuzi mtoto akiing'ata, mbao ngumu inavumilia.

Plastiki nene. Ni nzuri kwa kuosha, hasa kwa shule za awali na vituo vya kulelea watoto. Lakini angalia unavyoitunza. Jua letu linaiua plastiki. Ukiweka mzigo karibu na dirisha la jua au kwenye bati la stoo miezi mitatu, unauza plastiki iliyoshaanza kuwa kavu. Weka kwenye boksi, kivulini.

Sponji. Wazazi wanavipenda kwa sababu havimuumizi mtoto vikimwangukia. Mimi siviuzi kwa chini ya miaka mitatu. Mtoto mwenye meno manne anang'oa pande na kumeza.

Mitumba. Hapa wengi watashangaa. Vitofali vya mtumba kutoka Ulaya mara nyingi ni imara kuliko vipya vya bei ya chee, maana vimeshapita mikononi mwa mtoto mwingine na bado viko vizima. Osha vizuri, kagua kimoja kimoja, toa vyenye nyufa. Ila vya zamani vilivyopakwa rangi usiguse.

FUNDI WA MTAANI KWAKO

Hiki ndicho kilichonirudisha kwenye biashara. Nilikwenda kwa fundi seremala na kitofali kimoja cha mfano. Mafundi wa samani wana mabaki ya mninga, mkongo na msaji ambayo mengine yanaishia jikoni kama kuni. Nikamwambia nataka vitofali vya sentimita 4 pande zote, kona zote zimeduarishwa, msasa mpaka mkono uteleze, bila vanishi, bila rangi.

Mzigo wa kwanza aliharibu, nisifiche. Vingine vilikuwa 4, vingine 4.2. Milimita mbili ni kitu kidogo kwa kabati, lakini kwenye mnara wa vitofali vinane huo ukuta unapinda. Tukatengeneza kipimo cha mbao chenye tundu la sentimita 4, kila kitofali lazima kipite bila kulazimishwa na bila kucheza. Jambo la pili ni ukavu. Mbao mbichi ikikauka inapasuka. Dai mabaki ya mbao iliyokwisha kukaa, si iliyoshushwa jana. Jambo la tatu, vumbi. Likibaki kwenye vinyweleo linawasha. Nafuta kwa kitambaa chenye unyevu, naacha vikauke, halafu napaka nta ya nyuki kidogo na kufuta tena.

Seti ya vitofali 20 inanigharimu sh 14,000 kwa fundi, sh 1,500 kifuko cha kitambaa, na kama sh 500 ya nta. Jumla 16,000. Nauza 28,000. Faida 12,000 kwa seti moja, dhidi ya 9,000 za ule mfuko wa vipande mia. Na tangu nianze sijarudishiwa hata seti moja iliyovunjika.

KWA WANAOAGIZA CHINA

Hili dogo linaweza kukuokolea hela. Watu wanaogopa vitofali vizito kwa sababu ya usafiri. Inategemea unasafirisha vipi. Kwa ndege unalipia kilo, hapo uzito unakuumiza kweli. Kwa meli mawakala wengi wanalipisha kwa CBM, yaani ujazo. Sasa vile vitofali vikubwa vyenye uwazi ndani vinabeba hewa. Mfuko wenye vipimo vya sentimita 30 kwa 30 kwa 25, kwenye CBM moja inaingia kama mifuko 44. Boksi la vitofali 20 vya mbao, tuseme 22 kwa 18 kwa 6, yanaingia zaidi ya 400. Kwa meli, kitofali kizito kilichojaa kinasafiri kwa bei nafuu kuliko kile chepesi kilichojaa hewa. Wakala wengine wana kikomo cha kilo kwa kila CBM, kwa hiyo muulize kabla.

"MTEJA WA KWETU ANATAKA BEI RAHISI"

Najua ndicho mnachotaka kuniambia. Na ni kweli, maisha yamebana. Lakini mteja hataki kitu rahisi, anataka asipoteze hela. Hivyo viwili tunavichanganya. Anachagua cha sh 18,000 kwa sababu kwenye posti zetu hatujamwonyesha tofauti nyingine yoyote zaidi ya bei na idadi. Umemwambia vipande mia dhidi ya vipande ishirini, unategemea achague nini?

Mwonyeshe. Mimi nina video ya sekunde 20: nasimama, naangusha kitofali mara kumi kwenye saruji, nakiokota, nakisogeza karibu na kamera. Hakuna muziki, unasikia mlio tu. Ile video imeuza kuliko picha zote nilizowahi kulipia. Maelezo yake nimeandika hivi, chukueni mbadilishe:

"Vitofali 20 vya mbao ngumu, sm 4 kila kimoja, kona zimeduarishwa, havina rangi. Tumeviangusha mara 10 kwenye saruji, video hiyo hapo. Vinafaa kuanzia mtoto anayekaa mwenyewe, akiwa na mtu mzima karibu. Havilowekwi, vinafutwa. Kikipasuka ndani ya miezi sita nitumie picha, nakuletea kingine. Sh 28,000."

Angalia ahadi ya mwisho. Huwezi kuitoa kwenye mzigo wa kupasuka, na jirani yako anayeuza vipande mia hawezi kukuiga. Hapo ndipo uimara unapogeuka kuwa hela.

Na mteja akikuuliza "bei gani?" inboksi, kabla hujamtajia muulize kwanza, "Mtoto ana umri gani, mpendwa?" Sentensi moja hiyo. Akisema miezi minane na anataka vile vya vipande vidogo, mwambie ukweli, hivi si vyake bado. Unaweza kupoteza oda ya siku hiyo. Nimezipoteza kadhaa. Wengine wakanirudia mtoto alipokua, wengine hawakurudi, na biashara haijafa.

Asiye na uwezo wa seti ya 28,000? Mpunguzie idadi, usimpunguzie ubora. Nina seti ya vitofali 10 kwa sh 15,000, rahisi kuliko ule mfuko wa vipande mia. Mtoto wa mwaka mmoja kumi vinamtosha. Mwezi ujao mama akipata anaongeza kumi vingine, na kwa sababu kipimo ni kile kile vinapangana. Hivyo ndivyo unavyopata mteja wa kudumu.

Nimalizie hapa. Huku kwetu mdoli ukitoka kiwandani unapita mikono mingi: mwenye kiwanda, wakala, mwenye stoo, wa jumla. Kila mmoja anadhani mwenzake ameshakagua. Wa mwisho kabla ya mtoto ni wewe, uliyekaa na simu yako sebuleni ukifunga mizigo ya boda. Baada yako hakuna mwingine wa kukagua.

Yule mama wa picha hajanunua tena kwangu, na simlaumu. Lakini swali lake nimelifanya kipimo cha tisa. Kila mzigo mpya ukifika nalijibu kabla sijapiga picha ya kwanza: kwangu kuna mtoto, je, angechezea hivi?

Kama jibu ni hapana, usiposti.

Kazi njema.